Karani Aliyezima Kabla ya Mwisho

Kwa miaka yote niliyokwenda kwake kutazama televisheni, Karani hakutuonyesha mwisho wa mchezo hata mmoja. Hata mmoja! Nikimwambia mume wangu hapa Meru, haamini. Ananiuliza, kwani mlikuwa mnaenda kufanya nini huko? Namwambia tulikuwa tunaenda kuulizwa maswali. Yeye hucheka. Mimi sicheki tena. Tangu nirudi kutoka kwa yule mzee mwezi uliopita, naacha sentensi ubaoni bila kuzimaliza, na darasa la sita wameshaanza kunong'onezana kwamba Mwalimu anaumwa.

Alikuwa karani wa kituo cha chai, kule kwetu juu ya Kianjokoma, ambako ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi. Jina alikuwa nalo lakini hakuna aliyelitumia, hata mkewe. Kazi yake ilikuwa kukagua majani tuliyochuma kabla hayajapanda kwenye mizani, na aliifanya kana kwamba chai hiyo ingenywewa na Mungu mwenyewe. Majani mawili na chipukizi, basi. Ya juu hakuyatazama. Alitumbukiza mkono mpaka kwapani, akavuta konzi moja kutoka chini kabisa ya kikapu na kuitandaza mezani. Akiona vijiti au majani yaliyokomaa, alisema maneno mawili tu: "Rudi nayo." Akiridhika, alisema: "Imepimwa." Akishasema hivyo, hata ulie machozi ya damu hakubadilisha.

Siku moja alimrudisha mkewe. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, na nilishtuka mpaka nikasahau kusogea. Mke wa mtu, mbele ya kijiji kizima! Aliingiza mkono, akatoa konzi, akaitandaza, akasema rudi nayo kwa sauti ileile aliyotumia kwa sisi wengine. Mama wa watu akabeba kikapu chake mgongoni akashuka nacho mteremko. Jioni tulipofika kwao tuliwakuta wanakula pamoja, wakisogezeana chumvi. Nilikuwa mtoto, nikadhani huo ndio upendo wenyewe.

Televisheni yake ilikuwa ya kwanza kwetu, ndogo, nyeusi na nyeupe, na ilitumia betri ya gari iliyopelekwa sokoni kuchajiwa kila Ijumaa. Ariali ilifungwa juu ya mwanzi mrefu nje. Jumamosi jioni, tukishamaliza kuchuma, tulivua gambuti mlangoni na kila mtu akaenda mahali pake: wazee kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, akina mama kwenye benchi, sisi watoto mkekani karibu na betri. Mke wa Karani alizunguka na birika. Juu ya televisheni kulikuwa na picha ya binti yao, mtoto wao wa pekee, amevaa sweta ya shule. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mitano na alikuwa akisomea ushonaji Embu mjini. Kisha picha ikaondoka, pakawekwa kalenda. Tuliambiwa binti amekwenda kukaa kwa shangazi yake Kiritiri. Hatukuuliza zaidi.

Sasa mchezo ukishika moto, mtu ameshikwa na kisu mkononi, au mume amefungua barua isiyo yake, Karani alinyoosha mkono, akazima. Puu! Giza kwenye kioo. Mara ya kwanza alisema betri inaisha, tukamwamini. Mara ya pili hakujisumbua kudanganya. Alituambia mwisho umetungwa na mtu fulani Nairobi ambaye hajui hata chai inachumwaje, kwa nini tumwachie yeye? Hawa watu wangekuwa wanakijiji wetu, tungewaambiaje? Halafu kila mtu alilazimika kujibu, kuanzia makochi, kwenda benchi, mpaka mkekani. Hukuruhusiwa kusema sijui. Mwishowe alisema, "Imepimwa," na nduma za kuchemsha zikaletwa. Jamani, nilikasirika! Nilikuwa nalala nikifikiria yule mwenye kisu.

Maswali yake mengine yalikuwa ya kuvunja mbavu. Kulikuwa na familia moja ya matajiri iliyogombana kila wiki sebuleni, na Karani alitaka kujua ng'ombe wao wanakamuliwa na nani saa hizo zote. Mgeni akibisha mlango kwenye mchezo, aliuliza mbona hakuna mbwa aliyebweka. Tangazo la sabuni lilimkera kuliko yote. Yule mama anafua peke yake kila siku huku akicheka, akasema Karani, na hakuna hata mtu mmoja wa nyumba hiyo anayemletea maji, anacheka nini? Akina mama kwenye benchi walicheka, kisha wakaanza kutazamana. Nakumbuka wiki iliyofuata baba yangu alibeba mtungi kutoka mtoni kwa mara ya kwanza maishani mwake, akijifanya anapita tu njia hiyo.

Miaka ya baadaye, nilipokuwa nimeshaolewa Meru na ninarudi nyumbani likizo tu, umeme ulifika na zikaja zile tamthilia za ng'ambo zilizowekewa sauti za Kiingereza. Akina mama wa kanisa waliharakisha maombi ili wasichelewe. Karani naye alitazama, mzee wa kanisa mzima, akahesabu kwa vidole kwamba msichana fulani ana mimba inayoingia mwaka wa pili. Kwani atazaa mtoto wa ndovu? Lakini aliendelea kuzima kabla ya mwisho, hata umeme ulipokuwa haumgharimu safari ya kwenda sokoni na betri. Wajukuu wa majirani walimwona mchawi.

Na mtu huyohuyo asiyekuwa na huruma kwa kikapu cha mkewe, niliwahi kumwona analia. Kilikuwa kipindi cha wanyama. Mtoto wa ndovu alikwama kwenye tope, mama yake akimsukuma kwa mguu, anateleza, anamsukuma tena. Tukageuka kumtazama Karani kuona kama atazima, na loo, machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola. Alizima, ndiyo, lakini siku hiyo hakuuliza swali. Alitoka nje akasimama karibu na mwanzi wa ariali kwa muda mrefu. Mkewe aliweka birika chini, akatuambia twende nyumbani.

Mkewe huyo tulimtania sana kwa ndengu. Kila mwezi alisafiri mpaka Kiritiri, kule chini kwenye joto na vumbi, ati kununua ndengu, ilhali ndengu zilijaa tele soko la Kianjokoma. Alienda na mfuko umejaa, akarudi na mfuko umejaa, na hakuna aliyeuliza huo wa kwenda ulikuwa na nini. Karani, aliyeuliza hata jina la mbwa wa watu wa televisheni, alikula ndengu hizo miaka nenda miaka rudi, na sikuwahi kumsikia akiuliza kwa nini lazima zitoke Kiritiri.

Kuna Jumatatu moja pia ambayo kijiji hakikuisahau. Karani alipokea vikapu vyote. Vyote! Hakuingiza mkono hata mara moja. Nilikuwa na kikapu kilichojaa vijiti chini, nimejiandaa kurudishwa, akasema imepimwa bila kunitazama. Wengine walidhani ana malaria. Siku iliyofuata alirudi kuwa yuleyule, tukacheka tukasahau.

Sasa niseme Jumamosi iliyotangulia Jumatatu hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Karani alikuwa amealika watu zaidi ya kawaida, hata mzee wa kijiji alikuwepo. Mchezo ulikuwa wa binti aliyetoroka nyumbani, sasa amerudi, yuko langoni kwenye mvua, mtoto mgongoni. Baba yake ametoka na taa ya mkono. Ameshika komeo. Hapo Karani akazima.

Ubishi wa siku hiyo sijapata kuuona tena. Makochi yalisema huyo binti ameaibisha nyumba, akifunguliwa wengine wote watafuata njia hiyo. Benchi lilisema mvua ni mvua na mtoto ni mtoto, afunguliwe kwanza, maneno baadaye. Mke wa Karani alisimama na birika mlangoni. Anayegawa chai hakuwa na zamu ya kujibu. Sauti zikawa nne kwa nne. Mkekani nilikuwa peke yangu, wadogo zangu walibaki na homa. Kila mtu akanitazama. Nilijua la kusema ili nisifiwe, maana nilikuwa nimelisikia kila asubuhi kituoni.

"Ukileta majani mabaya, si unarudi nayo?" nilisema. "Basi na yeye arudi naye."

Makochi yalipiga makofi. Mzee wa kijiji alinipa mkono, mimi mtoto wa kike. Karani alinitazama, akasema, "Imepimwa." Mke wake hakuleta nduma siku hiyo. Niliona chai imemwagika sakafuni karibu na mlango, nikafikiri ameungua mkono. Nilitembea nyumbani nimevimba kichwa, haki ya Mungu. Nilikuwa nimefurahi.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani kumwona kaka yangu, akaniambia Karani alianguka shambani, nyonga imevunjika, haamki kitini. Nikanunua mkate, sukari na maziwa, nikaenda kumjulia hali. Lango lilifunguliwa na mwanamke wa makamo, rika langu au amenizidi kidogo, kitambaa kichwani, mikono ina povu la sabuni. Nilijua mke wa Karani alishafariki, nikadhani huyu ni msaidizi wa nyumba. Nilimsalimia, akanipokea mfuko, akarudi jikoni.

Karani alikuwa amekonda mno, blanketi magotini, mbele yake televisheni kubwa bapa ukutani. Mchezo ulikuwa unaelekea ukingoni. Mambo yalipopamba moto nilinyoosha mkono kwa mzaha, nikachukua rimoti.

"Wacha," alisema. "Siku hizi natazama mpaka majina yaishe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Tulikaa tukatazama majina yakipanda, madogo madogo, watu wasiojulikana, mpaka kioo kikawa cheusi chenyewe. Ndipo akaniuliza kama nakumbuka yule binti wa langoni. Nikasema ndiyo, nani atasahau, nilipewa mkono na mzee wa kijiji.

Aliniambia taratibu, huku akitazama kioo kile cheusi. Wiki ile, barua ilikuwa imekuja kutoka Kiritiri, kutoka kwa dada yake. Binti yake amejifungua mvulana. Hana mume. Kwa mila yetu mtoto wa namna hiyo huitwa jina la babu mzaa mama, na binti alikuwa amemwita mwanawe jina la Karani. Aliomba arudi nyumbani. Karani alikuwa na barua hiyo mfukoni mwa koti siku tatu bila kujua la kufanya. Jumamosi mchezo ulipoleta swali lake mwenyewe, akaita watu. Jumapili baada ya kanisa alimtuma mtu Kiritiri na jibu. Jumatatu asubuhi dereva wa lori la chai, aliyetazama mchezo huo mjini mpaka mwisho, akamsimulia pale kituoni wakingoja majani: yule baba alifungua. Alimbeba mtoto mwenyewe akaingia naye ndani.

Nilimtazama mzee huyu na sikujua nimchukie au nijichukie.

"Ulituuliza sisi?" nilimwambia. "Mimi nilikuwa mtoto!"

"Ulisema maneno yangu," akasema. "Ningeyakataa vipi maneno yangu?"

Nikamuuliza kwa nini hakutuma mtu mwingine Jumatatu hiyohiyo, Kiritiri si mbinguni. Alisema alikuwa ameshasema imepimwa mbele ya watu tisa. Alisema siku ile kituoni hakuweza kuingiza mkono kwenye kikapu cha mtu yeyote. Ndengu alijua zilikotoka, akazila, na mkewe alijua kwamba anajua, na hawakuwahi kulizungumza mpaka mama wa watu akazikwa. Binti alikuja kwenye mazishi akasimama nyuma na wageni wa mbali. Baadaye Karani alipovunjika nyonga, kaka yangu ndiye aliyempigia simu, na akaja.

"Amekuja?" niliuliza. "Yuko wapi?"

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Yule mwanamke aliyenifungulia lango aliingia na sinia, akaweka kikombe mbele yangu. Nilimtazama usoni, nikaona ile picha ya sweta ya shule. Mungu wangu. Nilikuwa nimempa mfuko wa mkate kama mtumishi.

"Wewe ndiye wa mkekani," alisema. Hakuniuliza. "Mama aliniambia yote. Kunywa, chai inapoa."

Nilikunywa. Sijui ilikuwa na sukari au la. Mzee akasema nilijibu nikiwa mtoto, sasa ni mtu mzima, mwalimu, nimelea watoto wangu na wa watu. Swali ni lilelile. Nijibu tena.

"Fungua," nilisema, na nikaanza kulia kama mjinga.

Nilingoja aseme imepimwa. Alitikisa kichwa, akasema yeye hapimi tena, jibu hilo si la kuachwa hapo. Yule mvulana, mwenye jina lake, sasa ni mtu wa miaka karibu arobaini, na anauza viazi Gakoromone. Meru, kwangu. Sokoni kwangu. Hajawahi kukanyaga nyumba hii. Karani hajawahi kumwona kwa macho.

Binti alinisindikiza mpaka langoni. Aliniuliza nilikuwa na miaka mingapi, nikamwambia kumi na minne. Akasema yeye alikuwa na kumi na tisa. Nilianza kuomba msamaha, naye akaendelea kutembea. Nikauliza kama amewahi kumwambia mwanawe aje.

"Kila Krismasi. Anasema yeye alishajibiwa." Aliinua komeo. "Ukimwona, usianze na habari za guka, babu yake. Mwambie kwanza wewe ni nani."

Nimeenda Gakoromone Jumamosi tatu. Kumpata hakukuwa kazi. Yuko upande wa viazi, mrefu, hana maneno mengi, na mteja akitilia shaka gunia, anatumbukiza mkono mpaka kwapani na kutoa kiazi cha chini kabisa. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua mbili. Nilinunua viazi kwa jirani yake, nikakimbia nyumbani. Jumamosi ya pili, vilevile. Kaka yangu amepiga simu kusema mzee sasa hali chakula vizuri, anatazama tu mlango.

Leo nilisimama tena pale, kikapu mkononi, nikageukia kwa jirani. Ndipo akaniita.

"Mama, kila wiki unasimama hapa unanitazama, halafu unanunua kule. Viazi vyangu vina ubaya gani?"

Nikaweka kikapu chini, nikamwambia mimi ni nani.